Mgeni Nairobi habanwi na bei, anabanwa na kukosa mtu wa kumsimamia. Nipingeni

#1 FundiTanga
Habari zenu wanajukwaa. Nina hoja, nataka mnipinge kwa mifano, matusi tuyaache.

Kila nikisikia watu wakieleza shida za mgeni Nairobi, wanaanza na bei: kodi ya nyumba, nauli, unga. Mimi ni Mtanzania, nashona nguo hapa mtaa wa Umoja, na nasema bei inamuuma mwenyeji vilevile. Kinachomtenga mgeni ni kukosa mtu wa kumsimamia. Ukitafuta nyumba unaulizwa nani anakujua. Mtoto akiingia shule, namba ya pili ya kupigiwa simu ni ya nani? Ukilazwa, nani ataweka sahihi? Ukikamatwa kwenye msako Ijumaa jioni, nani atafika kituoni kabla ya Jumatatu? Mwenyeji ana shangazi Dagoretti, ana binamu Kitengela, ana mtu aliyesoma naye ambaye leo ni askari. Mgeni ana namba za wageni wenzake, na hao nao wanaogopa kukaribia kituo.

Mtu ana kazi, kodi analipa kwa wakati, na bado anaishi kama aliyeshuka basi River Road jana asubuhi. Kwa nini? Wageni wa nchi zote semeni, na wenyeji pia.

#2 MsafiriHuruma
Naweka alama hapa, nitarudi nikitoka kazini. Huu uzi utakwenda mbali.

#3 MamaFuraha
Ndugu Fundi, umeruka jambo la kwanza. Karatasi.

Mimi natoka Bukavu, nakaa Kayole, nauza vitenge. Nina ile karatasi ya muomba hifadhi yenye picha na muhuri. Kadi yenyewe bado. Karatasi nimeitia plastiki, lakini kabla ya hapo ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya pochi, na mkunjo mmoja unapita katikati ya uso wangu. Nikifika mlango wa jengo lolote kule mjini, soja anaangalia picha, anaangalia mkunjo, anageuza nyuma, anamwita mwenzake. Daftari lake lina safu ya namba ya kitambulisho, na namba yangu ni ndefu kuliko ile nafasi. Walio nyuma yangu kwenye foleni wanaanza kuguna. Siku nyingi naona heri nimpigie mteja ashuke, tupimane vitenge nje kando ya barabara.

Mtu wa kunisimamia ninaye. Kanisani tuko wengi, na mchungaji ni Mkenya. Lakini soja haulizi mchungaji wangu ni nani.

#4 BoyieKayole
Pole Mama Furaha, kumbe tuko mtaa mmoja. Kuna msee wa Kongo tulikuwa tunacheza naye boli pale Soweto ya Kayole, alingoja hiyo kadi mpaka akachoka. Mwishowe akaambiwa aende kambi ya wakimbizi ya Kakuma angojee huko. Wewe wamekuambiaje?

#5 MamaFuraha
@BoyieKayole kila mtu na bahati yake. Wengine wamepata, wengine tunaambiwa turudi tuulize tena. Kakuma kuna ndugu zetu wanaishi, sisemi vibaya. Ila kitenge nitamuuzia nani kule? Na watoto wameshazoea shule ya hapa.

#6 WakiliMtaani
Niweke sheria mezani kidogo. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilianza kutumika Februari 2022, ikaondoa ile ya 2006. Inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi, na kipo kibali cha kazi cha daraja M ambacho ni cha wakimbizi na hakilipiwi ada. Tena inampa mkimbizi aliyetoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nafasi ya kuacha hadhi ya ukimbizi kwa hiari yake, akae Kenya kwa faida za raia wa Jumuiya. Kwa hiyo mtu wa Kongo ana milango miwili.

#7 SouthB_Damu
Wakili, Kongo tangu lini ikawa Jumuiya? Nchi ni Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, basi. Labda na Sudan Kusini.

#8 WakiliMtaani
@SouthB_Damu hiyo hesabu imepitwa. Rwanda na Burundi ziliingia 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia 2023. Leo ni nchi nane.

#9 IsliiNdani
Somalia ilitia sahihi mkataba Desemba 2023, lakini uanachama kamili ni Machi 2024. Naomba hilo likae sawa kwa sababu kuna watu Islii (Eastleigh), mtaa wetu wenye Wasomali wengi, walihesabu ile miezi kwa vidole.

#10 WakiliMtaani
@IsliiNdani uko sahihi, asante.

#11 MamaFuraha
Ndugu wakili, mlango wa pili naujua, tulielezwa. Nami nina swali. Bukavu ilichukuliwa na waasi Februari 2025. Nikiurudisha ukimbizi wangu ili niwe raia wa Jumuiya tu, kisha siku moja nikakataliwa kibali, nani atazuia nisirudishwe kule? Ukimbizi unachosha, lakini ndio unaosema huyu asirudishwe kwa nguvu. Nani ataukabidhi?

#12 WakiliMtaani
Hapo penye ugumu umepashika vizuri, na ndiyo sababu mtu asiukabidhi kabla ya kukaa na mwanasheria anayejua mambo ya hifadhi. Niongeze jambo moja kwa wanaosema sheria mpya imeruhusu mkimbizi kuishi popote: bado inazungumzia maeneo yaliyotengwa, na aliyesajiliwa Dadaab au Kakuma anahitaji ruhusa kutoka. Haki ya kufanya kazi imeandikwa, lakini kazi ziko Nairobi na usajili wa wengi uko kambini.

#13 IsliiNdani
Mnaongea kuhusu karatasi kama ngao. Nawaambia nilichokiona.

Aprili 2014, wakati wa operesheni ya Usalama Watch ya kusaka washukiwa wa ugaidi na wageni wasio na karatasi, polisi walikuja Islii usiku wakabisha nyumba hadi nyumba. Maelfu ya watu walikamatwa, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Mjomba wangu ni Msomali wa Kenya. Alikuwa na kipande, yaani kitambulisho, mfukoni na cheti cha kuzaliwa cha Garissa nyumbani, akalala huko na wengine, kwa sababu aliambiwa kipande siku hizi hununuliwa. Ndani walichanganywa raia wenye vitambulisho, wakimbizi wenye kadi halali na wasio na chochote. Walipotoka, wengine walikuta maduka yamevunjwa.

Garissa Lodge ya hapa Islii ilikuwa gesti ya kulala. Wakimbizi wa miaka ya tisini wakavigeuza vile vyumba kuwa maduka: kitanda nje, nguo ndani. Leo Nairobi nzima inanunua Islii, hadi wafanyabiashara wa Kampala na Juba wanakuja kufungasha mizigo hapa. Sura yetu ikaendelea kuwa ya mgeni. Kwa hiyo Mama Furaha, hata ukipata kadi leo, kuna watu watakaotazama uso kwanza.

#14 BintiKibra
IsliiNdani umenigusa pabaya. Mimi ni Mnubi. Wazee wetu waliletwa na Waingereza wakiwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni, asili yao Sudan, wakapewa ule msitu wa Kibra (Kibera) mwanzoni mwa karne iliyopita. Tumezaliwa hapa, tunazikana hapa. Hati ya ardhi ya ekari 288 tulipewa 2017, baada ya vizazi.

Nilipofika umri wa kipande, wenzangu wa darasani walipeleka fomu wakapigwa alama za vidole, wakaenda nyumbani kusubiri. Mimi nikapelekwa mbele ya jopo la wazee la kunikagua. Jina la babu? La baba yake babu? Alifika lini? Nani anathibitisha? Nilikuwa msichana wa shule, nimevaa sare.

Sasa Fundi, jibu hili. Sisi wa kutusimamia tulikuwa nao, mtaa mzima unanijua tangu nimo mgongoni mwa mama. Haikusaidia. Ugeni mwingine unarithiwa.

#15 MsafiriHuruma
Binti Kibra, pole kwa hilo. Ukituletea ile mikate yenu ya gurusa siku ya Idi hatutakuuliza jina la babu wa mtu yeyote.

#16 BintiKibra
@MsafiriHuruma njoo na sahani yako, na usile zamu mbili kama mwaka jana.

#17 FundiTanga
@BintiKibra nimesoma mara mbili. Mfano wako ni mzito na sina haraka ya kuujibu. Labda niseme hivi: mtaa ulikujua, lakini mtaa haukuwa na mtu upande wa pili wa meza. Kusimamiwa ninakokusema ni kule kunakosikika ofisini.

#18 MzeePloti
Mimi ni mwenye nyumba na sitajificha. Nina ploti Zimmerman, jengo la vyumba vya kupanga, bedsita na singo. Kwa muda mrefu nilipangisha wageni bila masharti. Kisha mmoja akahama usiku na kodi ya miezi miwili, bili ya maji ikabaki, na kufuli lake mlangoni. Ilibidi keateka, mwangalizi wa ploti, avunje. Mkenya akitoroka na kodi yangu najua pa kuanzia: namba ya kipande ninayo, kwao najua, naenda kwa chifu wao, namkuta baba yake. Mgeni nitamtafuta wapi? Siku hizi mwenyeji ananipa depoziti ya mwezi mmoja, mgeni mitatu. Mkopo wa ile ploti naulipa mimi.

#19 BoyieKayole
Mzee na heshima yote, hiyo ni ubaguzi. Wakenya wangapi wamekutoroka?

#20 MzeePloti
@BoyieKayole wengi. Ndiyo maana nimesema kwa Mkenya najua pa kuanzia.

#21 FundiTanga
Mzee shikamoo. Umekuja kunipinga ukaeleza hoja yangu vizuri kuliko mimi. Unamtafuta baba wa mpangaji, na mgeni hana baba hapa. Lakini hebu tazama depoziti ya miezi mitatu inavyofanya kazi. Mshonaji mmoja mwenye mke hawezi kuitoa kwa mara moja. Wanaoiweza ni vijana sita waliochanga. Mmoja anakuja kuchukua ufunguo, watano wanaingia usiku. Baada ya muda unalalamika choo kimejaa na maji yanaisha, unasema wageni hawana ustaarabu.

#22 MzeePloti
Marahaba mwanangu. La watu sita nimeliona kwa macho yangu. Sijui la kufanya nalo. Mgeni akiniletea mdhamini Mkenya, nitachukua mwezi mmoja kama kwa wengine.

#23 BoyieKayole
Basi mimi niko tayari kumsimamia Mama Furaha. Andikeni.

#24 WakiliMtaani
Boyie, moyo wako ni mzuri, ila soma kabla hujasaini. Ukijiandika mdhamini wa kodi na mpangaji akashindwa, deni ni lako. Na msitegemee sheria ya udhibiti wa kodi kuwalinda, maana inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Zimmerman hiyo hupati.

#25 MamaFuraha
@BoyieKayole aksanti sana mwanangu. Nina nyumba, sihami. Na sitaki mtoto wa watu aingie deni kwa ajili yangu.

#26 KarangaBuja
Amani kwenu. Natoka Burundi, nakaa Kabiria, nauza njugu. Niseme kinyume cha wote.

Naamka saa tisa usiku. Njugu nimeshaziloweka kwenye maji ya chumvi na kuziacha zikauke. Mchanga uliochekechwa unapashwa moto kwanza kwenye sufuria, ndipo njugu zinaingia, na mkono hauachi kukoroga mpaka zinapoanza kulia. Ukigeuka kusalimia mtu zimeungua. Saa kumi na mbili niko barabarani na beseni, kopo la makaa limekaa juu ya njugu ziwe na moto, na karatasi za kufungia ziko mfukoni. Kanjo, wale askari wa jiji, wakitokea unakimbia na beseni, na makaa yakimwagika humo ndani mtaji wa siku umekwisha.

Wateja wangu ni Wakenya, na hawanisumbui. Wananiita jirani. Shida ninayoiona ni jinsi wengi wetu tunavyoishi mguu mmoja ndani mmoja nje. Ingia chumba cha Mrundi mwenzangu mwenye miaka hapa: godoro chini, sufuria moja, begi limefungwa. Kila shilingi imekwenda nyumbani. Ukimuuliza kwa nini hanunui kitanda anasema mwakani anarudi. Mwaka jana alisema hivyo. Chama cha ploti haingii, harambee ya jirani haendi, msiba wa mtaa anaupita. Siku akipata shida anauliza kwa nini hakuna anayemjua. Nawaambia wenzangu kila siku: nunueni kitanda.

#27 SouthB_Damu
@KarangaBuja hapo umeniongelea mpaka mimi wa kutoka Busia.

#28 NimerudiRiyadh
Kaka Karanga, nakuheshimu lakini usiwabebeshe lawama wenzako hivyo. Mimi nilikuwa yaya Saudia. Pasipoti alikuwa nayo mwajiri, simu naipata Ijumaa, na nilikolala ni stoo ya karibu na mashine ya kufulia. Ningenunua kitanda nikiweke wapi? Yale mabadiliko ya 2021 ya kuruhusu mfanyakazi abadilishe mwajiri hayakutuhusu sisi wa majumbani. Mtu anaishi na begi limefungwa kwa sababu wapo wanaoweza kumwambia ondoka kesho.

Nikilinganisha, Nairobi mgeni ana nafuu. Anatembea, anabadilisha kazi, anahama mtaa. Upweke ndio uleule. Kuna dada wa Burundi anafua nguo katika ploti yetu. Aliugua, akakaa ndani bila kumwambia mtu, mpaka keateka alipoona kamba ya nguo iko tupu. Nilipoingia nikamkuta ana malaria kali na amefunga mlango kwa komeo. Nikamuuliza kwa nini hukuita? Akasema hakujua ni nani anafaa kuitwa. Nilimwelewa bila maelezo zaidi, kwa sababu mimi kule nilipougua nilikuwa nalia na bomba la maji limefunguliwa ili nisisikike.

#29 MamaFuraha
Dada, Mungu akutunze. Huyo dada amepona?

#30 NimerudiRiyadh
@MamaFuraha amepona, na sasa anagonga kwangu hata akikosa chumvi.

#31 MsafiriHuruma
Nimerudi kutoka kazini na nimesoma yote. Ngoja niseme kama mwenyeji.

Nairobi haina mwenyeji. Tazameni Desemba. Kuanzia tarehe ishirini hivi stegi za mabasi ya mashambani zimejaa, nauli inapanda maradufu, watu wamebeba magodoro. Krismasi ukipita ploti nyingi za Huruma milango imefungwa, mama mboga kafunga kibanda, kinyozi kaenda Kakamega. Sisi sote kwetu ni kwingine. Hata mtoto aliyezaliwa hospitali ya hapa ukimuuliza kwao anakutajia Murang'a au Siaya, na ukifa unasafirishwa kuzikwa huko. Tumekaa hapa kama watu wa kutafuta. Hatujamtenga mgeni, ni vile hakuna nyumba ya kumkaribisha ndani yake, sisi wenyewe tuko barazani. Tofauti yetu na Mama Furaha ni kwamba Desemba sisi tuna pa kwenda.

#32 BintiKibra
@MsafiriHuruma usiseme sote. Sisi wa Kibra Desemba tunabaki, ushago wetu, kwetu kwa asili, ndio huu. Wajaluo wa zamani wa Kaloleni na watu wa Pumwani nao wako wengi hawana pengine. Nairobi ina wenyeji, mmezoea kutowahesabu.

#33 TeksiKilimani
Mbona wageni wote mliowataja ni maskini? Mimi nabeba Wazungu, Wachina na Wahindi wapya kila siku, Kilimani, Lavington, Gigiri kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa. Hao hawaulizwi nani anakujua. Soja anafungua geti kabla sijasimamisha gari. Nyumba wanapewa hata kwa dola. Msiseme mgeni Nairobi, semeni mgeni asiye na hela.

#34 YayaRunda
@TeksiKilimani kuhusu mlango sawa. Kuhusu maisha subiri nikueleze. Nimefanya kazi Runda kwa mama mmoja wa Ulaya, mumewe alikuwa safarini wiki hadi wiki. Ukuta mrefu, waya wa umeme juu, mbwa wawili. Jirani wa kulia hakumjua kwa jina. Watu aliozungumza nao kwa siku ni mimi, mtunza bustani na soja. Alikuwa anakuja jikoni kusimama tu nikipika, anauliza habari za watoto wangu mmoja mmoja. Mkataba wao ulipoisha aliondoka akilia, na sidhani alikuwa analilia Nairobi. Pesa ilimwondolea usumbufu wa karatasi. Watu haikumletea.

#35 SouthB_Damu
Na wewe Fundi kabla hujatulilia, nchi yako Julai 2025 ilipiga marufuku biashara 15 kwa wasio raia. Kutuma pesa kwa simu, saluni, kutengeneza simu, kuongoza watalii. Binamu yangu alikuwa anatengeneza simu Arusha. Yuko nyumbani sasa.

#36 FundiTanga
@SouthB_Damu mpe pole binamu yako, na nasema kwa dhati. Lile agizo mimi silitetei. Lilitolewa juu, sisi tulioko huku ndio tuliosikia joto lake. Wiki ile wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavikata. Kumbuka pia 2019, mbunge wa Starehe wa wakati ule alitupa saa 24 Watanzania na Waganda tufunge biashara. Serikali yenu ikamkana na akakamatwa, lakini zile saa 24 tulizihesabu sisi. Viongozi wakirushiana maneno, mawe yanaangukia Umoja na Arusha.

#37 SouthB_Damu
Sawa kaka, hapo tuko pamoja. Nilikuwa na hasira ya binamu. Hivi unashona kanzu? Nina harusi.

#38 FundiTanga
Nashona. Njoo na kitambaa chako, cha dukani kwangu utasema nimekupiga bei.

#39 MzeeWaJogooRoad
Vijana, mmesahau kwamba muziki tuliokuwa tunacheza hapa ulipigwa na wageni. Wale ndugu wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walivuka mpaka 1971 na Simba Wanyika ikavuma Kenya nzima. Les Mangelepa ilizaliwa hapa hapa Nairobi 1976, wanamuziki wa Kongo. Super Mazembe nao. Tuliwalipia tiketi, tukawapenda, tukawaimba mpaka wake zetu wakachoka. Wengi wao vibali vya kazi vilikuwa ni kizungumkuti mwaka hadi mwaka. Kupendwa walipendwa sana. Sasa kama tatizo ni kutojulikana, hao walijulikana kuliko mbunge.

#40 BoyieKayole
Mzee wa Jogoo Road leta stori za klabu ya Starlight, achana na vibali.

#41 MzeeWaJogooRoad
Hizo zina uzi wake, Boyie. Hapa tuko kwenye mambo ya watu.

#42 IsliiNdani
Nauliza jambo moja. Nimesikia mtu akikaa Kenya miaka saba anapewa uraia. Kuna jirani ana miaka mara tatu ya hiyo na hajapewa kitu.

#43 WakiliMtaani
Hapewi, anaruhusiwa kuomba. Katiba ya 2010, ibara ya 15: aliyeishi nchini kihalali mfululizo kwa angalau miaka saba anaweza kuomba kusajiliwa, na aliyeoa au kuolewa na Mkenya naye ni baada ya miaka saba ya ndoa. Neno zito hapo ni kihalali. Miaka ya kujificha haihesabiwi.

Na kuzaliwa Kenya peke yake hakumpi mtoto uraia, lazima mama au baba awe raia. Watu wa kabila la Washona walikuja kutoka Zimbabwe miaka ya sitini kama watu wa dini, wakawa mafundi wa mbao na wafuma vikapu, wakazaa watoto na wajukuu huko Kiambu. Waliishi bila uraia wa nchi yoyote mpaka Desemba 2020 ndipo kundi lao kubwa likatambuliwa. Wamakonde, wenye asili ya Msumbiji, walikuwa wametangulia, hao walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Ikulu 2016.

#44 KarangaBuja
Ona sasa. Wamakonde walitembea wote pamoja. Sisi kila mmoja na beseni lake. Narudi palepale: tusipokaa kama wakaaji hatutasikika.

#45 BintiKibra
@KarangaBuja Wamakonde walisikika kwa sababu mashirika na wanahabari walitembea nao, na uchaguzi ulikuwa karibu. Kitanda hakikuwapeleka Ikulu.

#46 KarangaBuja
@BintiKibra dada, kitanda hakikuwapeleka, lakini waliokwenda ni watu waliokuwa wameshatulia pale. Tutabishana mpaka njugu ziungue.

#47 MzeePloti
Wakili, ile kadi ya daraja M inaandikwaje? Akija mtu nayo nijue ninachokitazama. Sisi wenye ploti hakuna aliyetueleza.

#48 WakiliMtaani
Mzee, ule ni kibali cha kazi, na mtu mwenyewe atakuwa na kitambulisho cha mkimbizi kando. Nitakuandikia faraghani ili niweke kwa utaratibu. Na ningependa wenye ploti wengi waulize kama wewe.

#49 BintiAsmara
Nimesoma uzi wote nikamsomea mama yangu kwa Kitigrinya. Ametaka niandike.

Nyote mliochangia mnajua Kiswahili. Mtanzania, Mkongo, Mrundi, hata mkisemwa kwa lafudhi mnajibu. Sisi tulitoka Eritrea nikiwa mdogo. Mimi nimejifunza shuleni, mama hajapata nafasi, alikuwa jikoni kwa watu anapika injera ya kuuza. Tangu nikiwa darasa la nne, mama akienda hospitali ninatolewa shule niende kutafsiri. Nimemtafsiria daktari mambo ya mwili wa mama yangu ambayo mtoto hafai kuyasema. Nimetafsiri matusi ya makanga nikayageuza yawe maneno mazuri. Akiwa peke yake kwenye matatu anashuka na watu wengi wanaposhuka, ndipo ananipigia simu kuniuliza yuko wapi.

Kadi anayo. Nyumba tunayo. Kanisa la kwetu lina watu na kila mtu anamjua. Kodi hatujawahi kuchelewesha. Kwa hiyo sababu zote mlizotaja hazimpati, na bado hatoki nje bila mimi. Mwaka huu nikipata chuo cha mbali sijui itakuwaje.

#50 NimerudiRiyadh
Hili hatukuliona kabisa. Asante mdogo wangu kwa kuliandika. Mwambie mama salamu zangu.

#51 FundiTanga
@BintiAsmara mnakaa mtaa gani? Hapa Umoja msikitini kuna mwalimu anafundisha kina mama kusoma na kuongea Jumamosi mchana, na hachagui dini. Kama ni mbali, sema ulipo, huenda kuna mtu humu anajua pa karibu.

#52 BintiAsmara
Tuko Islii, upande wa Section Three.

#53 IsliiNdani
Dada yangu mkubwa anafundisha wafanyabiashara wageni jioni, karibu na hapo. Nimekutumia ujumbe. Ila kina mama wa darasa lake ni wa Kioromo na Kisomali, sijui mama atajisikiaje. Muulize kwanza.